Chuma Kilichokuja Mgongoni mwa Mama

Mikono yangu bado inanuka kutu. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa majivu, nimesugua kwa limau mpaka ngozi ikawasha, lakini nikiinua kikombe cha chai harufu iko palepale katikati ya vidole. Ninyi wa umri wangu mliosoma shule za vijijini mnaijua. Ni harufu ya kengele ya shule, kile kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye tawi, na nondo ya kukigongea imeegeshwa kwenye shina. Shule nyingi zilikuwa nacho, hata huku kwetu Mbulu ambako reli haijawahi kufika, na sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza chuma kile kimetoka wapi. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Cha shule yetu pale Nambis nilijua kimetoka wapi, kimeletwa na nani na kwa nini. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Jumamosi iliyopita, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nina watoto wakubwa, nina duka la pembejeo Katesh, wapo walioanza kuniita bibi, na bado mwili unanitetemeka kama mtoto aliyeona nyoka ndani ya kibuyu cha maziwa.

Mnivumilie nikianzia mbali, maana nikianzia mwisho hamtaelewa kwa nini natetemeka.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli, kwenye treni moja ndogo ya jiji. Haikuwa treni ya safari ndefu. Asubuhi ilitoka katikati ya jiji imejaa wafanyakazi, ikawapeleka pembezoni kwenye viwanda, jioni ikawarudisha, basi. Baba na wenzake walitembea juu ya njia hiyo na nyundo na spana, wakikaza kilicholegea na kurudishia kokoto zilizotawanyika. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi, akiwa na harufu ya grisi ambayo hata Mama akizifua nguo haikutoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Krismasi.

Jioni ya kwanza ya likizo yake haikubadilika. Alikaa karibu na jiko, akasawazisha majivu kwa kiganja, akachora mstari mrefu kwa kidole. Halafu akaweka punje za mahindi juu ya mstari, na kila punje ilikuwa stesheni. Stesheni Kuu. Sabuni. Magunia. Kisimani. Mwisho. Nilizikariri kabla sijajua Baba Yetu vizuri, na Bibi, mama yake Baba, alilalamika kwamba mtoto huyu ataungama kwa padri majina ya stesheni. Sabuni na Magunia vilikuwa viwanda. Kisimani palikuwa na kisima cha zamani ambako wanawake waliuza mandazi na uji wa mchele kwa abiria wa alfajiri. Baba alituhadithia kuhusu dereva mmoja ambaye akifika kwenye kona ya Magunia alipiga honi ndefu, na wote ndani ya mabehewa walijua anamwambia mkewe abandike maji ya kuoga. Wenye nyumba kando ya njia ile hawakuwa na saa. Treni ikipita waliamsha watoto, ikirudi waliwasha moto. Ikichelewa, alisema Baba, mtaa mzima unapotea, mtu anakaa na kikapu mlangoni hajui aende sokoni au asubiri.

Sikuwa nimewahi kuona treni. Nilichokijua ni tembe, zile nyumba zetu za zamani zenye paa la udongo zilizochimbwa kwenye mlima, watu upande mmoja, ng'ombe upande mwingine. Kwa hiyo kichwani mwangu treni ilikuwa tembe nyingi zilizofungwa kamba, zinakwenda, moshi unatoka kwenye paa kama kawaida, na ndani wako watu, ndama, na vibuyu vimetundikwa ukutani. Baba nilipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakunikosoa. Alinikosoa jambo moja tu, nilipokanyaga mstari wake wa majivu.

"Tere, reli haikanyagwi ovyo," alisema. "Karibu na reli mtu hasimami, ng'ombe hapiti, nyumba haijengwi. Inaachwa peke yake."

"Hata Bibi hapiti?"

"Hata Bibi."

Bibi akaguna na kusema kwamba angependa kumwona huyo atakayemkataza kupita. Neno la Baba nililishika, mkumbuke hilo.

Mwaka mmoja, kabla ya mavuno ya maharage, Mama alirudi kutoka mnadani akiwa anatabasamu peke yake njiani. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitenge pale Mbulu mjini, Mzee Athumani, aliyekwenda jijini kununua bidhaa, na salamu za Baba zilipitia kwake. Safari hii salamu zilikuwa nzito. Mama alimweleza Bibi nikiwa nimekaa nao, nachambua maharage.

"Mama, treni yao imesimamishwa. Viwanda vimefungwa, watu wamehamia kwenye mabasi. Imefika asubuhi moja haikutoka, na kesho yake haikutoka. Sasa wanang'oa reli. Wakimaliza kung'oa, anarudi nyumbani moja kwa moja."

"Moja kwa moja?" Bibi aliuliza.

"Hatakwenda tena."

Kuanzia siku hiyo Mama alikamua ng'ombe huku anaimba. Aliukandika upya ukuta wa mbele kwa samadi na udongo mwekundu, akanunua sufuria kubwa, akamwambia kila mtu aliyepita njiani. Watu wa jiji lile bila shaka walikuwa na huzuni zao kuhusu treni yao, wale wauza mandazi wa Kisimani, yule mke wa dereva. Kwetu Nambis kufungwa kwa reli kulikuwa sikukuu.

Mimi furaha yangu ilikuwa na sababu nyingine, na ndipo nilipoanza kupotea. Nililisikia neno kung'oa. Katika umri wangu nilikuwa nimeona vitu vingi viking'olewa: miche ya kabichi, miche ya vitunguu, migomba midogo kutoka shambani kwa mjomba kule Bashay. Vyote hivyo viling'olewa ili vikapandwe mahali pengine. Hakuna aliyeng'oa mche mzima ili autupe. Basi nikaelewa, bila shaka hata kidogo, kwamba Baba anang'oa reli yake kule ili aje aipande kwetu, na ndiyo maana anachelewa, maana ni ndefu. Nilichukua kijembe cha Bibi cha kupalilia, nikaenda chini ya shamba la viazi vitamu, nikaanza kusafisha njia. Nilitoa mawe, nikakata majani. Kwenye jiwe kubwa lililonishinda niliamua patakuwa stesheni ya Sabuni.

"Unalima nini huko?" Bibi alinipigia kelele kutoka juu.

"Njia ya Baba."

Alicheka, akaniacha.

Siku moja asubuhi, ukungu haujaondoka, katekista alikuja na mzee mmoja wa ukoo. Walisimama nje kwenye mlango wa ng'ombe, wakazungumza na Mama na Bibi kwa sauti ya chini. Niliwasalimia shikamoo, wakaitikia bila kuniangalia. Mama aliingia ndani, akavaa gauni lake la kanisani siku ambayo haikuwa ya kanisa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kumchukua baba yako."

Sikumsumbua zaidi. Nilikwenda kumaliza stesheni.

Alikaa huko siku nyingi kwa hesabu ya mtoto. Kila lori au basi liliponguruma kwenye mteremko nilikimbilia barabarani, na siku lilipokuja la kweli nilimwona Mama akishuka na mzigo mgongoni, umefungwa kwa shuka kama anavyobebwa mtoto. Alitembea ameinama. Nilidhani ni mtoto kweli, kwamba Baba ametupatia mdogo wangu. Nilichungulia nyuma yake. Basi likaondoka, vumbi likatua, hakuna mtu mwingine aliyeshuka.

"Baba yuko wapi?"

"Twende nyumbani, Tere."

Hakuingia nao ule mzigo. Alipofika kwenye ua wetu wa minyaa, upande wa nje, alipiga magoti, akafungua shuka, na kipande cha chuma kikaanguka kwenye majani. Kilikuwa kizito, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kichwa cha mviringo juu na bapa pana chini, na ncha moja imekatwa vibaya, nyeusi kama iliyoungua. Nilikigusa. Nilinusa vidole, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuijua harufu hii inayonitesa leo. Chini ya kutu kulikuwa na grisi. Harufu ya Baba. Nilijaa furaha mpaka nikaruka. Amekwenda kumchukua Baba, amerudi na mche wa kwanza wa reli, maana yake Baba yuko nyuma analeta uliobaki. Kwa mtoto wa umri ule hesabu ilikuwa nyepesi sana.

Mama alinyolewa nywele siku hiyohiyo. Na siku iliyofuata watu waliacha kuja.

Hapa inabidi niwaeleze wasio wa kwetu. Wairaqw tulikuwa na desturi, wazee wanaiita metimani: nyumba iliyopatwa na jambo kama lile inajitenga. Hamwingii kwa watu, watu hawaingii kwenu. Hamwombi moto, hamwazimi chungu, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa wengine, maji mnachota mahali penu. Wakristo wengi walikuwa wameanza kuiacha, lakini Bibi alisema hatamwomboleza mwanawe kienyeji nusu na kikanisa nusu, na katekista hakubishana naye. Mimi sikuambiwa lolote. Kwetu siku zile mtoto alielezwa kifo kwa kunyamaziwa, akue, atajua. Niliona tu kwamba siendi shule, kwamba mbuzi wetu wanachungwa kwenye korongo peke yao, na kwamba mama yake Emiliana, jirani ambaye kila asubuhi alikuja kuomba kaa la moto, sasa alisimama mbali kule kwenye tuta akipiga kelele za salamu kisha anaondoka.

Nikaelewa. Tayari reli iko kwetu, angalau kipande, na Baba alishasema: karibu na reli mtu hasimami, ng'ombe hapiti. Majirani wamekatazwa kwa ajili ya treni. Nilifurahi kuona watu wa Nambis wana adabu kiasi kile kwa kitu ambacho hawajawahi kukiona. Nilijipa kazi ya ulinzi. Mbuzi akisogea kwenye ua nilimfukuza. Hata kuku niliwafukuza. Bibi alikaa mlangoni siku nzima ameshika tama, ananitazama nikikimbizana na kuku, na mara kwa mara alifunika uso kwa upande wa shuka lake. Nilidhani jua linamuumiza macho.

Emiliana ndiye aliyekuja kuniharibia. Alikuwa rafiki yangu wa damu, tuligawana hata kiazi cha kuchoma. Alisimama ng'ambo ya shamba la viazi, kwenye njia niliyoisafisha mwenyewe, na nilimpungia aondoke.

"Emiliana, toka hapo. Utakanyagwa."

"Na nini?"

"Na treni ya Baba."

Alinitazama. Hakuwa na ubaya, mpaka leo nasema hakuwa na ubaya, alikuwa mtoto kama mimi.

"Baba yako amekufa," alisema. "Kwetu wamesema tusiguse vitu vyenu mpaka wazee wawasafishe."

"Muongo."

"Muulize mama yako kwa nini amenyolewa."

Sijui niliufikaje mlango. Nakumbuka Mama alikuwa anakoroga ugali, mgongo wake kwangu, kichwa chake kimeng'aa kama cha mtu mgeni. Nikamuuliza. Hakuacha kukoroga.

"Ndiyo," alisema.

"Amekufa na nini?"

Mwiko ulisimama. "Homa," akasema, halafu ukaendelea.

Nilishtuka kwa namna ambayo sikulia. Nililala chini pale pale kwenye sakafu karibu na jiko, nikakumbatia miguu yake, na nilichokuwa nakiona ni njia yangu kule chini, mawe niliyoyapanga, jiwe la Sabuni, nikawa naona aibu kubwa kwamba nilikuwa nafukuza kuku. Aibu ilitangulia huzuni. Huzuni ilikuja baadaye na ikakaa.

Wazee walipokuja kutusafisha, kondoo akachinjwa, majirani wakaingia tena, mama yake Emiliana akaomba kaa lake la moto huku analia. Kikabaki kile chuma nje ya ua. Bibi alitaka kiingizwe ndani kiwekwe karibu na kitanda chake. Alisema ndicho kilichobaki cha kazi ya mwanawe, kilishikwa na mikono yake.

"Hapana, mama," Mama alisema.

Sikuwahi kumsikia akimkatalia Bibi kitu. Bibi pia hakuwahi, nadhani, maana alibaki mdomo wazi. Mama akafunga chuma mgongoni kwa lile lile shuka, akapanda nacho mlima mpaka shuleni. Wakati huo shule yetu iligonga rimu ya gari iliyopasuka, mlio wake haukuvuka hata bonde la kwanza. Mwalimu Mkuu alifurahi mno. Kikafungwa kwa waya kwenye mti wa mgrivea mbele ya ofisi, na siku ya mkutano wa wazazi akasimama akasema mama huyu amefiwa, lakini katika msiba wake amewakumbuka watoto. Watu wakampigia makofi. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilivimba kwa fahari, na kwa miaka hii yote, nikisimulia habari za mama yangu kwa wanangu, hiyo ndiyo hadithi niliyoanza nayo.

Mlio ule ulikuwa mzuri, hilo lazima niseme. Uliteremka bondeni, ukapanda mlima wa pili, ukasikika mpaka kwenye mashamba ya mbali. Watu walianza kuutumia kama wale wa kando ya treni ya Baba walivyotumia honi. Kengele ya kwanza, ng'ombe watoke. Kengele ya uji, wanawake wapumzishe jembe. Kengele ya mwisho, moto uwashwe. Nilipofika darasa la tano nikachaguliwa kiranja wa kengele, na nilikuwa na sababu zangu za kuipenda kazi hiyo. Nilidhani namsalimia Baba.

Jioni nikirudi, kabla hata sijaweka madaftari, Mama aliniuliza swali lilelile.

"Umeipiga?"

"Nimeipiga, Mama."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

Ndipo alinipa ukoko wa ugali na maziwa ya mgando, fungu kubwa kuliko la wadogo wa baba waliokuwa wakija kula kwetu. Siku moja nilikuwa nimeumia kidole, nikamwambia nimegonga polepole. Aliacha kazi akanitazama. "Kesho tumia mkono mwingine," akasema. Nilichukulia kwamba ni mama anayependa mtoto wake afanye kazi kwa bidii. Nani asingechukulia hivyo?

Na kuna ile Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, watu wanakula, mara kengele ya shule ikalia. Siku isiyo ya shule kengele ikilia ni hatari, ng'ombe wameibiwa au nyumba inaungua, basi wanaume walitoka na fimbo na mikuki wakapanda mlima mbio, na sisi watoto nyuma yao. Tulimkuta Mama peke yake chini ya mgrivea. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, kilemba kimeanguka, anapiga. Hakutusikia. Mwalimu Mkuu alimshika bega taratibu.

"Mama Tere, kuna nini?"

Alishusha nondo. Alikuwa anahema. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa naangalia kama waya umelegea."

Wanaume walicheka, wengine wakanung'unika kwamba chakula kimepoa. Mimi nilimwokotea kilemba. Nilifikiri amemkumbuka mumewe, na kwamba anapiga ili amsikie. Nililia kwa ajili hiyo usiku ule, nikamwonea huruma, nikajiona nimemwelewa mama yangu.

Jumamosi iliyopita nilipanda Nambis kumwona. Amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta, lakini masikio yake ni mazima. Nikapita shuleni kwanza kumsalimia mwalimu ninayemuuzia mbegu, nikakuta mgrivea umekatwa na kengele iko chini kwenye nyasi. Shule imepata umeme, wameweka kengele ya kubonyeza ukutani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshapita mara moja kuiulizia. Mwalimu akasema, "Dada, hiki chuma ni cha familia yenu. Kabla hakijaenda kwenye mizani, kichukueni." Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nilikodi toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, tukakipakia, na njia nzima niliweka mkono juu yake. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani. Nitakitundika kwenye mti wa uani, Mama akae kivulini akiangalie, jioni ya maisha yake awe na kitu cha mumewe.

Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Nimekuletea reli ya Baba."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alisimama bila kushika ukuta.

"Isivuke hapo," alisema. "Mwambie kijana asimamishe. Isiingie uani kwangu."

Dereva alisimamisha toyo kwenye minyaa, palepale chuma kilipolala mara ya kwanza. Nilidhani Mama amechanganyikiwa, uzee umeanza. Nilimshika mkono nikamwambia taratibu, Mama, shule imeweka kengele mpya, hiki ni kile chuma chao, ulichokileta wewe, ukumbusho wa Baba. Akautoa mkono wake.

"Ukumbusho wa nini? Hicho ndicho kilichomuua."

"Mama, Baba alikufa kwa homa."

"Nilisema homa." Alikaa tena, polepole. "Treni ilishaondoka, hakuna treni iliyomgusa baba yako. Walikuwa wanabeba reli mabegani, kundi zima, kuipandisha kwenye gari. Mmoja akateleza, wengine wakaiachia wakaruka. Baba yako hakuwahi. Nilipofika walikuwa wameshamzika, maana kule kuna joto. Nikawauliza, iliyomwangukia iko wapi? Wakanionyesha. Nikawaambia, nikatieni kipande. Walidhani kama wewe, kwamba nataka ukumbusho. Wakakata kwa moto, wakamwagia maji, nikakibeba."

Nikakaa chini kwenye udongo mbele yake kama nilivyolala siku ile ya ugali. Niliwaza watoto wote wa Nambis waliokishika, mimi na Emiliana, na watoto wa Emiliana. Niliwaza Bibi, aliyekufa akiamini homa, ambaye alitaka kulala na chuma kile kando ya kitanda chake. Kwa watu wetu, kitu kilichomuua mtu hakiguswi hata na mbwa, na mama yangu alikibeba mgongoni safari nzima, akadanganya ukoo, akadanganya wazee waliotusafisha, akakipeleka mahali ambapo watoto wa watu wote wanakwenda. Makofi yale yote.

"Kwa nini shuleni, Mama? Kwa nini hukukitupa korongoni?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi.

"Korongoni kingepumzika," alisema. "Nilitaka kipigwe. Mimi nina mikono miwili tu, ningekipiga mpaka lini? Shule ina watoto wengi. Asubuhi kipigwe, saa ya uji kipigwe, jioni kipigwe, mwaka huu na mwaka ujao, na mimi niko shambani nasikia kinalia. Ukawa wewe ndiye mpigaji. Nilimshukuru Mungu siku ile."

Umeipiga? Kwa nguvu? Ukoko na maziwa ya mgando. Kwenye minyaa yule dereva akaita kwa adabu, "Mama, nishushe wapi huu mzigo?"

Mama akageuza uso kuelekea shuleni.

"Hiyo kengele mpya," akauliza, "inapigwa na nini?"

"Haipigwi, Mama. Ni ya umeme. Mwalimu anabonyeza tu kwa kidole."

"Na hiki hakitapigwa tena?"

"Hakitapigwa."

Mikono ya Mama ilikuwa juu ya mapaja, imekauka, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, haiwezi hata kufunga kifungo cha sweta. Aliitazama mikono hiyo, halafu akanitazama mimi. Sikuhitaji kuambiwa. Niliinuka, nikaenda kwenye minyaa, nikamwomba kijana spana ya gurudumu. Tukakishusha chuma kwenye nyasi, upande wa nje. Nilikuwa natetemeka mpaka spana ikanigonga goti. Nikapiga mara moja. Chuma kikiwa chini hakilii, kinatoa sauti ya kukabwa, na sikudhani imefika mlangoni.

Ilifika. Nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ileile ya jioni zile.

"Kwa nguvu, Tere."